Kufufua redio ya zamani ya transista: anza na mawe, malizia na masafa

Swali huja kwa sura moja kila mara: "Nimeikuta redio ya babu kabatini, nimeweka mawe mapya, inakoroma tu. Ndani kuna vikopo vina skrubu za rangi. Nizungushe ipi?"

Usizungushe hata moja. Bado.

Skrubu hizo si skrubu. Ni viini vya feriti ndani ya koili (nyaya zilizozungushwa) vilivyopangwa kiwandani, mara nyingi vikagandishwa kwa nta, na vikishapangwa hubaki pale pale kwa miongo. Kinachochoka kwenye redio ya miaka hamsini ni vitu vingine: kapasita hukauka, miguso ya swichi hushika kutu, mawe huvuja na kula shaba. Ukiona redio ambayo masafa yake yameruka kabisa, karibu kila mara kuna mtu aliyetangulia kuichokonoa kwa bisibisi. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja tu: kwanza tibu ugonjwa, kisha ulinganishe masafa, na ikiwezekana usilinganishe kabisa.

Ninazungumzia redio ndogo ya mkononi au ya mezani inayotumia mawe, yenye transista sita hadi nane, inayopokea MW (mawimbi ya kati), iliyotengenezwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1970. Kama yako ina FM pia, sehemu ya MW utaifanya hivihivi. Kuhusu FM nimesema neno moja karibu na mwisho.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAFUNGUA

Mita ya kidijitali inayopima volti, miliampia na omu. Chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, wati 25 hadi 30, pamoja na waya wa risasi wa 60/40 wenye dawa ndani yake. Bisibisi za kawaida, na bisibisi ya plastiki ya kuzungushia viini. Hii ya plastiki haina mbadala wa chuma. Koleo dogo la mdomo mrefu. Mswaki wa zamani, spiriti, siki, na dawa ya kupulizia swichi. Kapasita za elektroliti za mikrofaradi 10, 100 na 220, za volti 16 au 25.

Chanzo cha umeme kinachoweza kuwekewa kikomo cha mkondo ni kizuri sana, ila mawe mapya yanatosha. Adapta za bei rahisi za ukutani ziache: nyingi hutoa volti nyingi kuliko zilizoandikwa na huleta mvumo utakaokupotezea siku nzima ukitafuta ubovu usiokuwepo.

Kwa kazi ya masafa utahitaji jenereta ya mawimbi yenye sauti juu yake (hezi 400 au 1000). Usipokuwa nayo, nitaonyesha njia ya kutumia redio nyingine nzima. Redio hiyo ya pili itafute kwa vyovyote, itakusaidia zaidi ya unavyodhani.

Na mchoro wa saketi. Kabla ya kuutafuta mbali, angalia ndani ya mfuniko wa nyuma: watengenezaji wengi waliubandika hapo. Soma volti na masafa ya ndani ya redio yako (yale ambayo vikopo vimepangwa kuyapitisha, kila stesheni ikigeuzwa kuwa hayo) badala ya kukisia. Kilohezi 455 ndiyo namba utakayokutana nayo mara nyingi, lakini zipo za 465 na 470, na Regency TR-1 ya mwaka 1954, ile redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, ilitumia kilohezi 262 na betri ya volti 22.5. Mtu akiiwekea volti 9 na kuiita mbovu, kosa si la redio.

HATUA KWA HATUA

1. Fungua taratibu, na upige picha kila unapofika.

Piga picha kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, kisha kila baada ya kitu kuondoka. Plastiki ya zamani imekauka. Ukiona kasha halifunguki, kuna skrubu hujaiona: chini ya karatasi ya nembo, ndani ya nyumba ya mawe, au katikati ya kinobu. Usitumie nguvu.

Mambo mawili ndani huvunjika kabla mtu hajajua yapo. La kwanza ni uzi unaovuta sindano ya stesheni. Ukikatika, kuufunga upya ni kazi ya saa nzima na matusi. La pili ni nyaya za koili iliyo kwenye kijiti cha feriti (antena ya ndani), ambazo ni nyembamba kama unywele. Kila waya ni fungu la nyuzi nyingi zilizosokotwa, kila uzi umepakwa rangi ya kuuhami. Ukikatika, lazima nyuzi zote zishike risasi pale unapolehemu. Zikishika nusu, redio itasikika lakini itakuwa kiziwi, nawe utalaumu transista.

2. Safisha nyumba ya mawe.

Unga mweupe au wa kijani kwenye chemchemi ni mabaki ya mawe yaliyovuja. Mawe ya alkali huacha magadi: yapanguse kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti. Mawe ya kawaida ya zinki na kaboni huacha asidi: hayo yanataka bikaboneti iliyolowekwa, kisha spiriti. Kausha. Sugua miguso kwa kifutio kigumu mpaka chuma king'ae.

Usiishie hapo. Ufuate waya unaotoka kwenye chemchemi hadi kwenye ubao. Uchafu hupenya ndani ya ala ya plastiki na kuigeuza shaba kuwa nyeusi. Waya kwa nje mzuri, ndani umeoza. Ukikwangua ncha na bado ni nyeusi, badilisha waya wote.

3. Washa kwa mara ya kwanza ukiwa umeshika mita.

Kabla ya yote hakikisha chanya na hasi. Redio nyingi za zamani zina transista za jerimani (germanium) za aina ya PNP, na kwa hizo upande chanya wa betri ndio unaokwenda kwenye shaba kubwa ya ubao. Ukiwa umezoea saketi za leo, ambazo hasi ndiyo ardhi (njia ya pamoja ya saketi), mkono utakudanganya. Ukigeuza betri hata kwa sekunde chache unaweza kuua transista za mwisho (zinazoendesha spika) na kapasita kwa pamoja.

Njia rahisi ya kupima mkondo bila kukata waya: weka mawe, acha redio ikiwa imezimwa, weka mita kwenye miliampia, gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya swichi. Mita sasa ndiyo swichi, na namba unayoisoma ndiyo mkondo wote wa redio.

Redio ndogo, sauti ikiwa chini kabisa, hula takriban miliampia 5 hadi 15. Ukiona sifuri au karibu na sifuri, njia imekatika mahali: waya, mguso wa mawe, ufa wa ubao. Ukiona zaidi ya 50 na redio kimya, ondoa mita mara moja. Kuna kapasita iliyopiga shoti au transista ya mwisho iliyoungua. Namba hiyo iandike. Utairudia baada ya kila hatua, maana ndiyo inayokwambia kama umeharibu kitu.

4. Safisha kila kitu kinachozunguka au kugusana.

Pulizia dawa kidogo ndani ya kizungusho cha sauti, zungusha mara thelathini mbele na nyuma. Fanya hivyo kwa swichi ya bendi kama ipo. Usipulizie kapasita ya kutafutia stesheni, hasa ile ndogo ya plastiki. Dawa ikiingia kati ya bati zake, masafa yataruka na hakuna cha kuitoa.

Halafu kuna tundu la kisikilizio. Ndani yake kuna kijibati kinachokata spika unapochomeka, na kikishika kutu spika hubaki imekatwa hata pasipo kitu ndani. Nimeletewa redio zilizotangazwa zimekufa, zenye historia ya mafundi watatu, zikapona kwa kuchomeka na kuchomoa plagi mara kumi. Hapa ndipo pa kuanzia redio inapokuwa kimya lakini inakula mkondo wa kawaida.

5. Badilisha kapasita za elektroliti, moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo redio nyingi hufufuka. Ndani ya kapasita hizi kuna kimiminika, na baada ya miaka hamsini kimeondoka. Kwa redio ndogo utakuta kama tano hadi nane.

Anza na kubwa inayokaa kati ya chanya na hasi ya betri, kwa kawaida mikrofaradi 100 au zaidi. Ikikauka, redio huanza kupiga "puputu-puputu" kama boti. Kisha ile inayopeleka sauti kutoka kizungusho hadi transista inayofuata, mara nyingi 5 au 10. Ikikauka sauti inakuwa ndogo na nyembamba. Kisha zile zilizo sambamba na rezista za emita (mmoja wa miguu ya transista). Mwisho ile ya kidhibiti cha nguvu ya stesheni, karibu na dayodi inayotoa sauti kwenye mawimbi.

Volti za kapasita mpya ziwe sawa au zaidi ya za zamani. Mikrofaradi zikaribiane: palipo na 8 weka 10, palipo na 5 weka 4.7. Alama ya chanya na hasi ifuate ya zamani, si akili yako, kwa sababu kwenye saketi ya PNP mambo mengi yamegeuka. Na baada ya kila moja, washa usikilize. Ukibadilisha zote saba kwa mpigo kisha redio ikanyamaza, una mashaka saba badala ya moja.

Shaba ya ubao wa zamani imegandishwa kwa gundi iliyochoka. Gusa kwa joto sekunde mbili au tatu, uondoke. Ukisisitiza, shaba itanyanyuka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Jambo la kuacha: kapasita ndogo za seramiki, za maika, na zile zinazong'aa za plastiki zilizo karibu na vikopo. Hizo ni sehemu ya masafa, hazikauki, na ukizibadilisha umejitengenezea kazi ya hatua ya 8 bila sababu.

6. Pima transista, usizing'oe.

Redio ikiwa imewashwa, pima volti kati ya besi na emita ya kila transista. Ya jerimani inatakiwa kuonyesha kama volti 0.1 hadi 0.3, ya silikoni 0.6 hadi 0.7. Ukikuta sifuri au volti mbili, umefika kwenye jirani ya ugonjwa. Transista ya osileta (inayotengeneza mtetemo wa ndani, tazama hatua ya 7) inaweza kukupotosha, kwa kuwa mtetemo wake hubadili usomaji. Usiihukumu kwa volti peke yake.

Kama redio yako ni ya Ulaya na ina AF114, AF115, AF116 au AF117, isome aya hii mara mbili. Transista hizi zina miguu minne, mmoja ukiwa umeunganishwa na kopo la chuma. Ndani ya kopo huota sindano nyembamba za bati zinazofika hadi kwenye kifaa chenyewe na kuleta shoti. Mara nyingi ukiukata ule mguu wa kopo, transista inafufuka. Si tiba ya milele, lakini imewahi kuwapa watu miaka.

Ikibidi kulehemu transista ya jerimani, bana mguu wake kwa koleo kati ya kopo na chuma cha moto ili koleo linywe joto. Jerimani haivumilii.

7. Hakikisha osileta inafanya kazi.

Ndani ya redio kuna mtetemo unaokaa juu ya stesheni kwa masafa yale ya ndani siku zote, tuseme kilohezi 455. Ukiwa kwenye 945, osileta iko 1400. Na mtetemo huo huvuja nje kidogo, kiasi cha redio nyingine kuusikia.

Weka ile redio ya pili, iliyo nzima, karibu, kwenye 1400, mahali pasipo na stesheni kali. Zungusha redio yako taratibu kuzunguka 945. Redio ya pili ikinyamaza ghafla au kupiga mluzi wakati unapita, osileta iko hai. Ukipita huku na huko bila kitu, osileta imekufa, na hakuna kulinganisha kutakakosaidia. Rudi kwenye transista ya kwanza, koili yenye kiini chekundu na kapasita zinazoizunguka.

Kama umefika hapa, redio inapokea stesheni, namba zinalingana na sindano, na sauti ni safi: funga kasha. Kwa dhati kabisa. Hatua tatu zinazofuata ni za redio iliyochokonolewa au iliyobadilishiwa sehemu.

8. Linganisha vikopo kwenye 455.

Kwa desturi ya Kijapani, ambayo viwanda vingi viliifuata, rangi ni hizi: njano kikopo cha kwanza, nyeupe cha pili, nyeusi cha mwisho kabla ya dayodi, na nyekundu ni osileta. Nyekundu usiiguse katika hatua hii. Rangi si sheria, kwa hiyo hakikisha kwa kufuata njia za shaba.

Kwanza weka alama. Chora kwa kalamu mstari juu ya kila kiini unaoonyesha kilikotazama. Nilipuuza hili kwenye redio yangu ya kwanza, tena nikatumia bisibisi ya saa kwa kuwa ilikaa vizuri kwenye mfuo. Kiini kikapasuka nusu kwa nusu, kikakwama, na kikopo kizima ikabidi king'olewe. Feriti ni kama kigae. Kiini kikiwa kigumu, pasha kikopo moto kidogo kwa kikausha nywele ili nta ilainike, kisha ujaribu tena kwa plastiki.

Tengeneza kitanzi cha waya cha mizunguko mitatu hadi mitano, ukubwa wa sahani ndogo, ukiunganishe na jenereta, ukiweke hatua moja kutoka kwenye kijiti cha feriti. Huna haja ya kuunganisha chochote kwenye saketi. Weka jenereta kwenye 455, na sindano ya redio kwenye mwisho wa chini ambako hakuna stesheni. Ukisikia sauti ya jenereta, zungusha kitafuta stesheni kidogo: sauti ikibaki, ni 455 kweli. Ikipotea, ulikuwa unasikia kitu kingine.

Jenereta za zamani zina namba zinazodanganya kwa kilohezi kadhaa. Zipime kwa redio ya kidijitali: mawimbi ya 455 yana pacha wake kwenye 910, hivyo jenereta ikiwa sahihi utaisikia pale.

Sasa pima volti za AC kwenye spika. Sauti ya redio iwe juu, na nguvu ya jenereta ishushwe mpaka uisikie kelele ya "shhh" ya redio yenyewe nyuma ya mlio. Hili ndilo wanaoanza hulikosea kuliko yote. Mawimbi yakiwa makali, kidhibiti cha ndani hupunguza nguvu kadiri unavyoongeza, mita haisogei, nawe unazungusha kiini hadi mwisho ukingoja kilele kisichoonekana.

Anza na nyeusi, halafu nyeupe, halafu njano. Zungusha kidogo huku na huku, simama penye kilele. Mita ikipanda, shusha jenereta, endelea. Rudia mzunguko wote mara mbili. Kiini kisichokuwa kimechokonolewa hakitataka zaidi ya robo mzunguko. Kikidai mzunguko mzima, simama uulize kwa nini. Kama redio yako ina kichujio cha seramiki, kitafute kilele cha kichujio hicho kwa kusogeza jenereta, na uvilinganishe vikopo hapo hata kama ni 453.

Bila jenereta: tafuta stesheni hafifu katikati ya bendi, usiku kama mchana hakuna kitu, na ufanye kilele kwa sikio. Inafaa kama vikopo vimekosea kidogo tu.

9. Rudisha sindano kwenye namba zake.

Sasa ni zamu ya osileta. Weka jenereta kwenye 600 na sindano kwenye 600. Zungusha kiini chekundu mpaka mlio utokee na ufike kileleni. Halafu jenereta 1400, sindano 1400, na safari hii unazungusha trima ya osileta, ile skrubu ndogo nyuma ya kapasita ya kutafutia stesheni. Redio ya MW peke yake ina trima mbili pale. Yenye FM ina nne. Ya osileta utaijua kwa kuwa ukiigusa stesheni inahama, si kufifia tu.

Kurekebisha juu kunavuruga chini, na kinyume chake. Rudia 600, 1400, 600, 1400 mpaka pasiwe na tofauti; kwa kawaida mara tatu au nne. Kumbuka: chini ni koili, juu ni trima.

Usitumie 1500 na zaidi ukiwa na jenereta kali. Redio ya 455 husikia pia mawimbi yaliyo kilohezi 910 juu ya stesheni, kwa hiyo mlio wa 1500 utatokea pia kwenye 590, nawe utaupanga huo ukidhani ndio.

Bila jenereta tumia stesheni mbili unazozijua masafa yake, moja chini na moja juu.

10. Panga antena.

Jenereta na sindano kwenye 600 tena, nguvu iwe ndogo kabisa. Sogeza koili iliyo kwenye kijiti cha feriti, milimita kwa milimita, hadi kilele. Mara nyingi imegandishwa kwa nta. Pasha moto kidogo, usivute. Kisha 1400, na trima ya antena hadi kilele. Rudia mara mbili, malizia na 1400.

Kuna jaribio zuri la kujua kama koili inahitaji kusogezwa hata kabla ya kuigusa. Leta kipande cha feriti karibu na koili: sauti ikipanda, isogeze kuelekea katikati ya kijiti. Leta pete ya shaba: sauti ikipanda, isogeze kuelekea mwisho. Vyote viwili vikishusha sauti, iko mahali pake, iache.

Fanya hatua hii mawe yakiwa ndani na spika ikiwa mahali pake, kwa sababu vyuma hivyo hubadili koili. Ukiipanga redio ikiwa wazi mezani halafu ukaifunga, umepanga redio nyingine. Ondoa mkono kila unaposoma mita.

11. Funga.

Tone moja la nta ya mshumaa juu ya koili ya kijiti na juu ya kila kiini ulichogusa. Gundi kali usitumie, kuna fundi atakayekuja baada yako. Pima mkondo mara ya mwisho, uulinganishe na ule ulioandika, uandike tarehe na kazi uliyofanya kwenye kikaratasi ndani ya mfuniko.

NA FM?

FM hutumia megahezi 10.7 na vikopo vyake huwa vimechanganyika na vya MW kwenye ubao uleule. Bila vifaa vya kuchora umbo la masafa kwenye skrini, hutaona unachofanya, sikio halitoshi. Safisha, badilisha kapasita, viache viini.

INAPOKATAA

Puputu-puputu kama boti. Kapasita kubwa ya betri, au mawe yamechoka. Anza na mawe.

Sauti imepasuka ikiwa chini, inakuwa afadhali ikipandishwa. Transista mbili za mwisho hazipati mkondo wa kutosha wa kupumzikia. Tazama rezista zinazolisha besi zao kabla ya kuzilaumu zenyewe.

Inasikika nusu ya juu ya bendi, nusu ya chini kimya. Osileta inakata tamaa kule chini. Mawe dhaifu, transista ya kwanza imechoka, au kapasita ndogo kati yake na koili nyekundu.

Mluzi kwenye kila stesheni. Vikopo vinajitetemesha. Angalia kapasita ya kidhibiti karibu na dayodi, na kama kifuniko cha chuma cha kila kikopo kimelehemiwa ardhini. Wakati mwingine ni wewe uliyebadilisha kapasita ndogo niliyokuambia uiache.

Inakwaruza unapotafuta stesheni. Bati za kapasita zinagusana au zimejaa vumbi. Ya hewa ipulize. Ya plastiki, kama imechakaa, badilisha.

Dakika kumi vizuri, kisha inafifia. Joto. Puliza hewa baridi transista moja moja mpaka sauti irudi. Bila hewa baridi, gusa kila moja kwa kidole, yenye moto isiyo ya mwisho ina kosa.

Inakata na kurudi ukiigonga. Gonga kwa mpini wa penseli, sehemu kwa sehemu, mpaka upate mahali palipo hai. Risasi iliyopasuka kuzunguka mguu huonekana kama duara jeusi jembamba, lehemu upya.

Nzuri ukiwa nje, kelele tupu ukiwa ndani. Redio ni nzima. Zima taa za LED na chaja moja moja. Halafu igeuze: kijiti cha feriti husikia vizuri ubavuni na husikia kidogo sana kwenye ncha zake, kwa hiyo unaweza kuielekeza ncha kwenye kelele.

Mluzi mdogo kwenye 910, hapo tu, redio ikiwa vizuri kila mahali. Huo ni ule pacha wa 455 akitoka kwenye dayodi na kurudi kwenye antena. Ulikuwepo siku redio ilipotoka kiwandani. Usifungue kasha.